Kombe wa Kwanza Hurudishwa

Mama alivua buti la kwanza nikiwa nimeinama, na nilipoinua kichwa alikuwa anahangaika na la pili.

"Mama! Maji hayo yatakuua."

"Yameshindwa miaka yote hii, yaniue leo?"

Alilitupa buti juu ya mawe, akakunja suruali ya sufu aliyoivaa chini ya kanga, akaingia majini. Ghuba ya Tenawe iko kusini kabisa mwa Chile, mahali ambapo milima ina theluji hata katika kiangazi, na maji yake hayana mzaha. Ukitia mkono bila glavu vidole vinauma, kisha vinaacha kuuma, na hapo ndipo pa kuogopa. Mama yangu, Bi Kazija binti Vuai, mwanamke wa Bweleo aliyekwishapita sabini, alisimama ndani ya maji hayo mpaka vifundoni, akafumba macho, akaanza kutembea pole pole kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani.

Nilijua anafanya nini. Kwetu Bweleo, kule Unguja, wanawake hawakutafuta kombe kwa macho. Kombe hujizika kwenye mchanga wenye tope, akabakisha ukingo tu wa gamba lake, na ukingo huo huonekana kwa kisigino. Mama alikuwa akijisifu kwamba miguu yake inaona vizuri kuliko macho ya kichwani, na kwamba siku tuliyofika huku na kupewa buti alitiwa upofu. Nilikuwa namcheka kwa maneno hayo. Mtu yeyote aliyezaliwa Bweleo ana hadithi yake ya huzuni, na huzuni ya mama ilikuwa miguuni.

Mbele yetu, kwenye mawe, Rosaura alikuwa anabandua chaza kwa kisu kifupi na kuwatia kapuni. Rosaura ni mwenyeji. Ukoo wake umekula chaza wa ghuba hii tangu kabla nchi haijapewa jina. Siku tuliposhushwa kwenye meli ya wahamiaji, yeye ndiye aliyemwona mama amesimama gatini na makubadhi, akaenda kwake bila kusema neno, akarudi na buti za mpira. Tangu siku hiyo wanaitana shoga. Kiswahili amejifunza kwa mama, kwa hiyo anakisema kama mama, kwa kukata maneno na bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Shoga!" alipiga kelele kutoka kule juu. "Umekuwa mwendawazimu!"

"Zamani!" mama alijibu bila kufumbua macho.

Kisha akasimama. Kisigino chake cha kulia kilibonyeza, kikazunguka, kikabonyeza tena. Akainama, akazamisha mkono kwenye tope, na mkono ulipotoka ulikuwa umeshika kitu kinene, kikubwa kama ndimu, chenye mifereji mgongoni na manyoya meusi kwenye kingo. Midomo ya mama ilisogea kidogo. Akafungua kiganja, kitu kile kikaanguka majini.

"Nini hicho?" niliuliza.

Hakunijibu. Alikuwa amekwisha kuinama tena, na safari hii alitoka na kingine, akakipasua kwa kisu chake. Damu nyekundu ilimtiririka hadi kwenye kiwiko.

Chaza hana damu ya namna hiyo. Katika viumbe wote wa magamba ninaowajua, ni kombe peke yake anayetoka damu kama mtu. Nilisimama pale na kapu langu, na sikuhisi tena baridi wala upepo.

"Kula," mama alisema, na alikuwa analia waziwazi. "Kula, Mize, kabla hujaanza kufikiri."

Nikala. Na naapa kwa Mwenyezi Mungu, niliirudia Bweleo mzima mzima. Niliyapata maji ya uvuguvugu ya asubuhi, harufu ya mwani uliochomwa jua, shangazi zangu wakiimba matusi kwa sauti nzuri, na kanga zimeloa mpaka kiunoni. Kombe tunaofuga kwenye matangi wana ladha ya bomba. Huyu alikuwa amekula tope la kweli. Nilimeza, nikatamani mwingine, na hapo hapo nikaingiwa na hofu, maana hapakuwa na njia halali ya kombe kuwa kwenye ghuba ile.

*

Mimi ndiye mtunza matangi. Kazi hiyo niliipata kwa sababu mimi ndiye niliyewachota kombe wa mwisho wa Bweleo, mwaka ule bahari ilipopata moto hata wakawa wanajitokeza wenyewe juu ya mchanga na kufa midomo wazi. Wale niliowaokoa walijaa ndoo mbili. Baadaye visima vikaingia chumvi, watu wakafuata.

Wenyeji wa Tenawe walitupokea kwa mkataba mfupi. Tulete tunachotaka, dini, ngoma, viungo, wagonjwa wetu na wazee wetu, ila tusitie kiumbe hata kimoja ndani ya bahari yao. Kombe wangu waliruhusiwa, lakini ndani ya jengo lililofungwa. Na kwa kuwa umeme wa huku unahesabiwa kama dawa, wataalamu waliona ni rahisi kumbadilisha kombe kuliko kupasha maji moto. Walichukua kipande cha vinasaba vya samaki wa barafu, yule ambaye damu yake haigandi kwa baridi, wakakitia kwenye vinasaba vya kombe. Kombe akazoea. Sisi tulizoeshwa kwa makoti, wala hatujazoea hadi leo.

Anayelinda mkataba ni Muonjaji. Huyo si mtu, ni nguzo nyeupe iliyosimama kwenye mlango wa ghuba. Kila bamvua, zile siku chache maji yanapokupwa mpaka mwisho, Muonjaji huvuta maji na kuyaonja. Kila kiumbe huacha kitu baharini, ute, ngozi, kinyesi, na humo ndani mna alama ya uzao wake. Muonjaji anazijua alama zote za ghuba hii. Akikuta ya mgeni, huuliza.

Jioni ile swali lilikuwa linaningoja kwenye kioo cha ofisi yangu.

KOMBE. KIASI KIMEONGEZEKA. CHANZO?

Chini yake palikuwa na majibu mawili ya kugusa kwa kidole: MATANGI, GHUBA. Siku zote nilikuwa nagusa MATANGI, nikiamini ni ukweli. Maji machafu ya matangi huchemshwa kabla ya kumwagwa, na vipande vilivyokufa havikosekani. Swali hili lilitakiwa kujibiwa kabla bamvua halijaisha. Nikigusa GHUBA, kaa wa chuma wangetumwa kufukua kila kombe aliye chini ya tope. Matangi yangemwagwa na kutiwa sumu. Sisi watu wa Bweleo tungezuiwa kukanyaga pwani mpaka ghuba isafike, na sidhani kama mama angeishi mpaka siku hiyo.

Nilimwita mama ofisini. Alikuja na harufu ya tangawizi, akakaa kwenye kiti changu mwenyewe.

"Mama, nani aliyewatoa?"

"Kuwatoa nani?"

"Kombe. Hapa mlangoni kila mtu anapokea mgao wake, na kombe wote wanachemshwa mbele yangu. Wametokaje?"

"Si wote wanaochemshwa," mama alisema. Alinitazama kama ninavyotazamwa nikisahau kuosha miguu. "Wa kwanza hachemshwi. Kwani wewe umelelewa wapi?"

Nilikaa chini, juu ya ndoo.

Kila mwanamke wa Bweleo, akishuka pwani, kombe wa kwanza anayempata humrudisha. Humwambia maneno mawili matatu ya heshima na kumwachia majini. Asipofanya hivyo, pwani itafumba mkono. Nami nilifanya hivyo utotoni, kisha nikaenda shule nikaacha kushuka pwani, na jambo lenyewe likanitoka kichwani. Lakini wao hawakuacha. Kila siku ya mgao walipanga foleni mlangoni pangu, wanawake wazima wenye wajukuu, wakapokea vikapu vyao, na kabla ya kuvifikisha kwenye sufuria wakachomoa yule wa juu kabisa, wakamviringisha kwenye pindo la kanga, na kabla ya kwenda nyumbani wakapitia pwani.

"Mlangoni pana tangazo!" nilisema. "Maandishi makubwa, mama. Mtu yeyote asitoke na kombe hai."

"Tumelisoma. Linasema na wezi."

"Linasema na kila mtu!"

"Mize, mwizi anachukua. Sisi tulikuwa tunarudisha."

Nilicheka. Niliona aibu kucheka, nikacheka tena, kisha nikaona machozi yananitoka. Wataalamu wale walifikiria mabomba yapasuke, mafuriko, tetemeko, hata kombe waibwe na kuuzwa. Hakuna aliyefikiria adabu.

Mama aliniacha nimalize. Kisha akanyoosha kidole kwenye kioo. Kusoma anajua.

"Gusa matangi."

"Si kweli."

"Umeshagusa mara ngapi na si kweli? Gusa." Sauti yake ikashuka. "Sisi tulikimbia joto, tukapewa makaazi. Na kombe wamekimbia joto. Wameingia kwenye tope geni, baridi hii, hapana aliyewapa buti, na wameishi. Kwa nini sisi tukae na wao wauawe?"

Ladha ya yule wa asubuhi ilikuwa bado iko mdomoni mwangu, na naomba nisidanganye mtu, nilikuwa nataka sana kumtii mama. Kidole changu kilikuwa karibu na kioo. Nilikizima kioo bila kugusa jibu lolote, nikamwambia twende tukapike.

*

Rosaura alitukuta jikoni. Kila bamvua huleta beseni la chaza, mama huwapika kwa nazi ya unga na pilipili, na wote wawili hula wakilaumu nazi ya unga. Safari hii beseni lilikuwa jepesi. Alilitua mezani, akafungua chaza mmoja kwa kisu na kumsogezea mama.

"Tazama, shoga."

Ndani ya gamba mlikuwa na maji, na katikati ya maji kitu chembamba, cheupe, kama kamasi la mtoto. Akafungua wa pili. Naye vile vile.

"Wa juu ya mawe ni wazima," Rosaura alisema. "Wa chini, karibu na tope, wote hivi. Mwaka jana niliwaona nikanyamaza. Mwaka huu wamezidi." Alifuta kisu kwenye aproni yake mara nyingi kuliko kilivyohitaji. "Bibi yangu aliwatoa hapo, na bibi yake. Hawakupata kuwa hivi. Nadhani pwani imenichoka."

"Pwani haimchoki mtu," mama alisema haraka.

"Yangu imenichoka. Binti yangu anasema tuhamie mjini, kwenye ghorofa. Nitafanya nini mimi kwenye ghorofa?"

Mwiko wa mama ulikuwa umesimama ndani ya sufuria. Nilimwona anawaza, na nilijua anawaza nini, kwa sababu ndilo jambo nililokuwa nawaza mimi. Kombe na chaza wanakula chakula kimoja. Wote wawili huvuta maji na kuchuja kile kidogo kilichomo. Ila kombe ni mlafi. Mama mwenyewe alikuwa akimsifu kwa hilo kila nilipolisha matangi: kombe hana adabu mezani, akikaa yeye kwanza wengine watalamba sahani. Na wetu walikuwa wamekaa kwenye tope, mahali maji yanapopita kabla ya kuwafikia chaza wa chini.

Mama alipakua. Rosaura alikula kidogo, akailaumu nazi bila moyo, akaaga. Mlangoni alimshika mama bega.

"Miguu yako vipi? Leo ulinitia hofu."

"Mizima," mama alisema.

Alipoondoka, mama aliondoa sahani zote mezani akaziosha, na zilizokuwa safi akaziosha pia.

"Ni wetu?" aliuliza.

"Ni wetu."

"Sisi tulikuwa tunarudisha mmoja mmoja, Mize."

"Najua. Lakini mmoja akitaga, mama, anamwaga mayai yasiyo na idadi. Na hapa hakuna kaa wanaowajua, wala ndege, wala mkono wa mtu. Hakuna anayewapunguza."

"Wakiachwa?"

"Watapanda hadi juu ya mawe. Hatasalia chaza."

Alifuta mikono kwenye kanga. "Na hao wa matangini, wakimwagwa, wako wengine? Popote?"

Hili nililiogopa kuliko yote. "Hakuna."

Mama aliitikia kwa kichwa. Nilimwambia nimekwisha kuamua, na kwamba nitagusa GHUBA. Nilidhani atapiga kelele, na kelele zake ningezivumilia. Badala yake aliniomba jambo moja, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa.

"Ningoje mpaka maji ya kesho yatoke. Nataka kushuka mara moja tu."

*

Kesho yake bamvua lilikuwa halijaisha. Nilishuka naye, na kioo kidogo cha kubeba, kilichounganishwa na kile cha ofisi, nimekitia mfukoni mwa koti. Nilikuwa nahofia atafanya kile anachojua kukifanya. Nilimwona akilini ameshika wachache walionenepa, anawaficha kwenye upande mwingine wa ghuba, anawaombea. Na sikuwa na hakika kwamba ningemzuia.

Alivua buti zote mbili akaziacha kwenye mawe ya chini. Rosaura alikuwa ametangulia kule juu na kapu lake. Akaingia, akafumba macho. Maji yalikuwa ya kijivu na kimya, na pumzi yake ilikuwa inatoka kama moshi wa jiko. Alikwenda pole pole, huku akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa pwani ya Bweleo, ule wa kumcheka mume mvivu, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa baridi kwenye kila kituo. Nilikuwa sijausikia tangu nikiwa msichana. Nilijua maneno yote.

Kisigino kikazunguka. Akainama, akatoa kombe mkubwa kuliko wa jana, akamwosha tope, akamshika kwa mikono miwili. Midomo yake ikaanza kusogea, na mikono ikashuka kuelekea majini. Nilipiga hatua moja.

Mikono haikufika. Mama alifumbua macho, akageuka, akatoka majini na kombe wake, akapanda mawe kwa miguu iliyokuwa haihisi kitu, mpaka aliposimama Rosaura na kapu lake tupu.

"Shoga," alisema. "Huyu ndiye anayekula chakula cha chaza wako. Ni wetu. Ametoka Bweleo. Tumemtia sisi wenyewe, wanawake wote, na mimi zaidi yao. Hatukujua tunafanya nini, lakini mkono ni wetu."

Rosaura alimtazama mama, akamtazama kombe. Nilikuwa nyuma ya mama, nikaona uso wa Rosaura unavyobadilika polepole, kadiri maneno yalivyokuwa yanaingia.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule uliponipa buti."

Rosaura alichukua kombe, akampasua. Damu ikamwagikia vidole vyake. Alishtuka, akasema neno la kwao, kisha akamtia mdomoni akatafuna huku akitazama bahari. Alitafuna muda mrefu.

"Mtamu," alisema hatimaye, na alilisema kwa hasira. "Laana ya Mungu. Mtamu kweli."

"Najua," mama alisema.

Rosaura alitupa magamba kapuni, akatugeuzia mgongo, akashuka zake kwenye mawe. Mama hakumwita. Alibaki pale ameshika pindo la kanga, akaniambia bila kunitazama, "Gusa sasa."

Nilitoa kioo. Nilidhani nitasitasita, lakini kidole kilikwenda chenyewe. GHUBA. Kioo kikafikiri kidogo, kikaandika kwamba jibu limepokelewa, na kwamba kaa wa chuma watashuka maji yakijaa. Kule kwenye mlango wa ghuba, juu ya ile nguzo nyeupe, taa ya manjano iliwaka. Nilifikiria matangi yangu, wale niliowabeba kwa ndoo kutoka kwenye mchanga wa moto, na nikalia kama mtoto, bila kujificha.

"Kimesema nini?" mama aliuliza.

"Kimepokea."

Mama aliketi kwenye jiwe. Miguu yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau, imekunjamana, ina mchanga kati ya vidole. Aliitazama kama anayeiaga.

Nikasikia hatua. Rosaura alikuwa anarudi, na mkononi ameshika buti za mama. Nilijiandaa kwa maneno makali, na alikuwa na haki nayo yote. Alipiga magoti mbele ya mama, akavua shali lake la sufu, akamkamata mguu mmoja bila upole, akaanza kuusugua.

"Utakufa kwa baridi, mjinga wewe," alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi. "Utakufa kabla sijamaliza kukugombeza. Lete huo mwingine."

Mama, ambaye kwa miaka yote hakukubali mtu amvishe buti, alinyoosha mguu wa pili.